Jina la Shujaa: Nishani, Sanamu na Utenzi

Kila tarehe 1 Februari Rwanda huwakumbuka Mashujaa wake, na kila tarehe 4 Julai hukumbuka ukombozi wa mwaka 1994. Katika siku kama hizo sisi walimu wa lugha huombwa kuwaandaa wanafunzi wakariri shairi la kuwasifu wapiganaji. Beti husomwa, makofi hupigwa, watu hutawanyika. Ukimwuliza mwanafunzi ni nani aliyesifiwa, atajibu, "Mashujaa." Ukimwuliza walitenda nini, atajibu, "Walikuwa hodari kama simba." Hapo ndipo penye kasoro ninayokusudia kuijadili. Dai langu ni kwamba kumheshimu shujaa ni kumtaja kwa jina na kulieleza tendo lake kwa ukweli. Fasihi ya Kiswahili, ijapokuwa ni tajiri wa tenzi za vita, imemlipa askari wa kawaida nusu tu ya haki yake hiyo.

Tuanze na nishani yenyewe. Nishani ni alama, na alama haisemi mpaka asemewe yule aliyeivaa. Wanyarwanda wa kale walilijua jambo hilo. Mpiganaji aliyewaua maadui 7 alistahili kuvaa umudende. Aliyefikisha 14 alistahili impotore. Na aliyefikisha 21 alifanyiwa sherehe ya gucana uruti, yaani kuwasha moto wa mti wa mkuki. Kila pambo lilikuwa na hesabu yake, na nyuma ya hesabu palikuwa na masimulizi. Majina hayo hayakufa. Tarehe 4 Julai 2009 nishani ya ukombozi wa taifa, iitwayo Uruti, ilitolewa kwa viongozi wa nchi nyingine, miongoni mwao Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa amekwisha kufariki mwaka 1999. Tazama jinsi neno lilivyosafiri: zamani lilimhusu mtu aliyeua kwa mkuki wake mwenyewe, leo linamhusu hata mtu aliyesaidia haki ya wengine. Asiyesimuliwa safari hiyo ataiona nishani kama kipande cha madini tu.

Baada ya nishani huja sanamu. Mjini Dar es Salaam Wajerumani walisimamisha sanamu ya Hermann von Wissmann. Mkubwa alisimama juu, naye askari Mwafrika aliwekwa chini yake, miguuni. Mkubwa alikuwa na jina. Askari hakuwa nalo. Waingereza walipoutwaa mji, sanamu ile iliondolewa, na mwaka 1927 ikawekwa Sanamu ya Askari tunayoijua, bunduki mkononi. Nairobi nako, mwaka 1928, ziliwekwa sanamu tatu pamoja, na mmoja wa hao watatu ni mpagazi. Maandishi yake ni ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, na maneno yake ya mwisho yalitungwa na Rudyard Kipling. Yanampa askari ahadi kwamba akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Ahadi hiyo ni nzuri, lakini mhakiki hana budi kuuliza: jina lipi? Jiwe linaloahidi kulikumbuka jina halikuandikwa hata jina moja. Askari amepandishwa kutoka miguuni pa Wissmann hadi juu ya msingi, hilo ni kweli. Lakini amepanda bila jina. Na ile nchi iliyoitwa yake, wakati ule ilikuwa ya nani? Wapagazi waliokufa kwa makumi ya maelfu, kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, wameachiwa kumbukumbu ya mahali: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, majina yaliyotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Maelfu ya watu hununua na kuuza huko kila siku, nao hawajui kuwa wanataja jeshi la wabeba mizigo.

Pale jiwe liliponyamaza, je, mtunzi alisema? Watunzi wa kale wa pwani walisema. Katika Chuo cha Herekali cha Mwengo bin Athumani, cha mwaka 1728, wapiganaji wana majina, nao husimama mmoja mmoja mbele ya msomaji. Hemedi bin Abdallah el Buhriy aliposimulia vita vya Wajerumani kuitamalaki Mrima, alisimulia mambo ya watu wa zama zake na wa mwambao wake. Kwa hiyo haifai kuilaumu bahari ya utenzi. Mizani minane na kina kimoja cha mwisho kinachoziunganisha beti zote vinaweza kumchukua mtu mmoja kama vinavyolichukua jeshi zima.

Mabadiliko yalikuja katika tenzi za karne ya 20. Shaaban Robert alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru, maelfu ya beti juu ya vita vya 1939 hadi 1945. Ni kazi kubwa ya subira, na lugha yake ni hazina kwa darasa lolote. Lakini mtunzi hakuwa askari. Vita alivitazama kutoka mbali, na macho yake yanakaa zaidi kwa mataifa na wakuu wao. Kijana wa Tanganyika aliyevuka bahari kwenda kupigana Burma ataukuta ulimwengu mzima ndani ya utenzi ule, lakini atajitafuta kwa shida. Vivyo hivyo Henry Muhanika, mwaka 1981, alitoa utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada. Mtu pekee aliyepata heshima ya kutajwa katika anwani hiyo ni adui aliyeshindwa! Sisemi kwamba watunzi hawa walikosea. Walichagua kusimulia vita. Nasema kwamba kusimulia vita na kumheshimu mpiganaji ni kazi mbili, nasi tumeizoea ya kwanza mpaka tumedhani kuwa ni ya pili.

Hapa fasihi simulizi ya Kinyarwanda ina la kutufunza. Katika icyivugo mpiganaji hasubiri kusifiwa. Husimama mwenyewe na kusema "mimi". Hujipa jina la sifa, hutaja silaha yake, mahali na mpinzani wake. Ni kweli kwamba hujikweza, na kwamba damu hutajwa humo kama vile ni maji. Mwalimu wa leo, katika nchi hii iliyoona ya mwaka 1994, hawezi kuifundisha sifa ya kuua bila kuihoji. Tena icyivugo humsahau aliyebeba chakula cha mpiganaji. Lakini kilisemwa mbele ya wenzake, na tendo ndilo lililokuwa ushahidi.

Zaidi ya hayo, kumbukumbu ya Kinyarwanda haikuwabakiza washindi peke yao. Karibu nasi hapa Butare ya Rusizi, huko Shangi kando ya Ziwa Kivu, jeshi la Rwanda lilishindwa mwaka 1896 na majeshi ya Kongo ya Leopold yaliyokuwa na bunduki. Hapo alianguka Bisangwa, mkuu wa jeshi aliyesifika tangu enzi ya Kigeri IV Rwabugiri. Hakuna anayemvisha nishani mtu aliyeshindwa. Hata hivyo jina lake lingali linatajwa zaidi ya miaka mia moja baadaye, wakati askari wa shaba wa Dar es Salaam hana wa kumwita.

Basi tufanye nini? Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda. Heshima hiyo ina wajibu wake. Mwanafunzi anayetakiwa kutunga juu ya shujaa aende kwanza kwa mzee aliyepigana, mwanamume au mwanamke, mwenye nishani au asiye nayo. Amwulize alikuwa wapi, alimwokoa nani, aliogopa nini, nani alimpa maji. Akirudi, atunge utenzi wa beti 20 tu. Na sheria iwe moja: neno "simba" lisionekane humo mpaka tendo limekwisha kuelezwa. Wazee hao wanapungua, na mzee asiyeulizwa huzikwa na habari zake.

Katika daraja ya juu ya Mashujaa wa Rwanda, iitwayo Imanzi, wamo wawili: Fred Gisa Rwigema, aliyeuawa Oktoba 1990, na Askari Asiyejulikana. Ni vyema kwamba asiyejulikana ameketishwa pamoja na anayejulikana. Lakini cheo hicho kiliwekwa kwa ajili ya wale ambao hatuwezi tena kuwauliza majina. Tusikitumie kuwafunika wale ambao bado wako hai, wanaoketi barazani jirani na shule zetu, nasi hatujapata kuwauliza.