Riwaya Mpakani: Siku Njema katika Ufundishaji wa Kiswahili Kasese na Bwera

Makala hii inahakiki namna riwaya ya Siku Njema (1996) ya Ken Walibora inavyoweza kutumiwa kufundishia Kiswahili katika shule za Kasese, Mubuku na Bwera. Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Swali lililosalia ni kifundishwe kwa matini zipi na kwa jicho gani.

Carter na Long (1991) wanabainisha mielekeo mitatu ya kufundisha fasihi: utamaduni, lugha na ukuaji wa msomaji. Mwelekeo wa lugha, ukitumiwa peke yake, huigeuza riwaya kuwa ghala la misemo. Mwanafunzi hukariri nahau za Walibora na kuzipachika katika insha bila kujali zimesemwa na nani. Mwelekeo wa utamaduni nao una hatari kubwa zaidi: humfunza Mkonzo kwamba Kiswahili kina wenyewe pwani, naye ni mgeni asiyealikwa.

Riwaya yenyewe inaikanusha dhana hiyo. Kongowea, aliyefiwa na mamake, anaondoka Tanga na kuvuka mpaka kuingia Kenya kumtafuta babake. Mwandishi naye hakuwa mzaliwa wa pwani, alizaliwa Bungoma. Kwa mwanafunzi wa Bwera, safari ya namna hiyo si ngeni. Mto Lhubiriha unaitenga Mpondwe na Kasindi, ilhali Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo ni ndugu wa lugha moja, na Kiswahili cha Kongo husikika sokoni. Mwalimu aanzie hapo: ni nani katika ukoo wenu aliyevuka, alimtafuta nani, na alisema lugha gani?

Huenda ikadaiwa kwamba kukikaribisha Kiswahili cha sokoni darasani ni kukivuruga Kiswahili sanifu. Kinyume chake, mwanafunzi anayelinganisha usemi wa sokoni na ule wa riwaya huuona usanifu waziwazi, wala hauoni kuwa kiboko.

Kwa Waganda wengi, Kiswahili kimebeba kumbukumbu ya kambi za jeshi na vizuizi vya barabarani. Orodha ya nahau haiwezi kuifuta kumbukumbu hiyo. Kijana anayemtafuta babake anaweza, walau, kuiwekea jirani kumbukumbu nyingine. Kwa hiyo, makala inapendekeza kwamba ukuaji wa msomaji utangulie, lugha na utamaduni vifuate.