Filamu ya Mukwege na sisi wauguzi tuliorudi

Wandugu, juzi nimetazama tena «L'Homme qui répare les femmes», filamu ya Thierry Michel na Colette Braeckman ya mwaka 2015. Mara ya kwanza niliitazama Kampala, nikisoma uuguzi, na nililia. Njo siku ile niliamua: nikimaliza, ninarudi Butembo. Safari hii sikulia. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku.

Kinachogusa zaidi ni kurudi kwa daktari. Oktoba 2012 watu wenye silaha walivamia nyumba ya Denis Mukwege, akakimbilia Ulaya. Wamama wa Idjwi wakauza mananasi na vitunguu ili apate tiketi ya ndege. Januari 2013 akaingia Bukavu, watu wanamupokea kwa nyimbo. Hapo filamu iko na nguvu kweli. Serikali iliizuia filamu kwa muda mwaka 2015, na kwa kuizuia ikatuongezea hamu ya kuiona.

Lakini jina la filamu linataja mwanaume mmoja, na kamera inamufuata yeye. Kijana anayetazama anabeba somo hili: kurudi ni moyo tu. Nami nililibeba mpaka mpakani Kasindi.

Kufika nyumbani, niliulizwa: wewe ni A2, A1 ao A0? Diploma yangu ya Uganda haikuingia popote. Ekivalansi ilichukua miezi. Ugonjwa niliujua kwa Kingereza, ninauandika kwenye fishi kwa Kifaransa, ninamueleza mama mgonjwa kwa Kiswahili ao Kinande. Mwaka wa kwanza, mshahara wa serikali sikuuona; nilikula primu ndogo ya hospitali, kama wenzangu wengi wanavyokula mpaka leo.

Mukwege mwenyewe alisoma udaktari Burundi, akafanya kazi Lemera, kisha akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake. Aliporudi mwaka 1989, alirudi Lemera ileile: hospitali ya kanisa iliyomujua na iliyohitaji kazi yake. Moyo alikuwa nao, na mahali pa kuuweka alikuwa napo. Mwaka 1996 hospitali hiyo ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Yeye aliendelea, akaanzisha Panzi mwaka 1999, lakini hata pale hakufanya kazi peke yake. Nilitamani filamu ikae zaidi kwa habari hizo: nani anamungojea anayerudi, na nani anamulipa.

Rafiki niliyelala naye chumba kimoja Kampala ananiuliza kila mwezi: «Dada, nirudi?» Nimemutumia filamu. Nikaongeza ujumbe: anza ekivalansi ukiwa bado huko, zoea Kifaransa cha fishi, tafuta kwanza hospitali yenye kukujua jina. Bado hajajibu.

Nyinyi mliorudi, mlikuta nani anawangojea?