Namna ya Kuipima Tafsiri ya Homer

Ukishika tafsiri ya Iliad usiyoijua, usiipime kwa ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa kwanza kila mfasiri ameukeshea, kwa kuwa anajua ndio wahakiki watakaousoma na kuulinganisha na wa wenzake. Nenda moja kwa moja kitabu cha tisa. Iliad ina vitabu 24, Odyssey vilevile 24, na kitabu kimoja husomeka chote kwa kikao kimoja. Katika hiki cha tisa, fundi na mbabaishaji hujitenga wenyewe.

Hali ni hii. Achilles amesusa vita kwa sababu Agamemnon, mkuu wa jeshi la Wagiriki, amemnyang'anya Briseis, mwanamke mateka aliyepewa kama tuzo ya vita. Tangu asuse, Wagiriki wanapigwa. Agamemnon anakiri kosa mbele ya wazee wa jeshi na kuitaja fidia atakayotoa: vyungu 7 vya miguu mitatu visivyowahi kuwekwa motoni, talanta 10 za dhahabu, masufuria 20, farasi 12 walioshinda mbio, wanawake 7 wa Lesbos hodari wa kazi za mikono, na Briseis mwenyewe, pamoja na kiapo kwamba hakulala naye. Troy, mji wanaoupigania, ukianguka ataongeza merikebu iliyojaa dhahabu na shaba, wanawake 20 wa Troy, binti yake mmoja bila kudai mahari, na miji 7 ya kutawala. Kisha kiburi kinamtoka mwishoni: Achilles na anyenyekee, atambue nani mkubwa kwa ufalme na kwa umri.

Odysseus na wenzake wanatumwa kwenda kumbembeleza. Mbele ya Achilles, Odysseus anairudia orodha yote, mishororo zaidi ya 30, karibu neno kwa neno. Akifika mwisho, yale maneno ya kiburi anayameza, na mahali pake anamsihi Achilles awahurumie Wagiriki wengine hata kama yeye anamchukia Agamemnon. Achilles hakuwapo orodha ilipotolewa mara ya kwanza. Hata hivyo anapofungua kinywa, jambo la kwanza analolitaja ni chuki yake kwa mtu ambaye ulimi wake unasema moja na moyo umeficha jingine. Msikilizaji wa kale, ambaye orodha ameisikia mara mbili, anajua papo hapo kilichofichwa.

Sasa weka kidole pale Agamemnon anaposema na kingine pale Odysseus anaporudia. Kama mfasiri ameona marudio yatamchosha msomaji, akapunguza hapa, akabadilisha maneno pale, basi msomaji hawezi kujua ni Odysseus aliyeacha kitu au ni mfasiri. Ujanja wote wa tukio umepotea, na Achilles anaonekana mtu wa kisirani tu. Ukikuta orodha mbili zinafanana isipokuwa pale mwisho, uko mikononi mwa mtu anayemwamini mtunzi wake. Nakiona hiki kuwa kipimo kikubwa kuliko vyote, na sijakutana na kingine kinachochukua muda mfupi kuliko hiki.

Kurudia huku kuna asili yake. Kati ya 1933 na 1935 Mmarekani Milman Parry alizunguka Yugoslavia na mtambo wa kurekodi sauti, akiwasikiliza waimbaji wa tenzi ndefu walioimba kwa zeze liitwalo gusle. Mmoja wao, Avdo Međedović, ambaye hakujua kusoma wala kuandika, alimwimbia utenzi wa mishororo zaidi ya 12,000, yaani urefu wa Odyssey nzima. Parry alifariki 1935, na mwanafunzi wake Albert Lord akaiendeleza kazi hadi kitabu cha 1960. Kwa utafiti wao ilieleweka kwamba lugha ya Homer imejengwa kwa mafungu ya maneno yaliyokwisha kulingana na mizani, ambayo malenga huyachukua huku akitunga na kuimba kwa wakati mmoja. Ndiyo maana Achilles huitwa mwepesi wa miguu hata akiwa ameketi hemani, na alfajiri huja na vidole vyake vya waridi kila siku inapokucha.

Msomaji wa Kiswahili aliyezoea tenzi zinazoghaniwa ana faida hapa kuliko msomaji wa riwaya. Hashtuki kuona shujaa anatajwa kwa lakabu ileile, wala vita kufuata vita. Utendi wa Tambuka wa Mwengo wa Athumani, ulioandikwa Pate mwaka 1728, una beti zaidi ya 1,000 za vita kati ya Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi. Na Rumi hiyo ndiyo milki ya Wagiriki wa Konstantinopoli, ambako watoto walifundishwa kusoma kwa beti za Homer, na ambako maandiko yake yalinakiliwa kwa mkono karne baada ya karne mpaka yakatufikia. Adui wa utenzi wetu ndio waliotuhifadhia Iliad.

Baada ya kitabu cha tisa, pima mwendo. Matthew Arnold, alipofundisha Oxford juu ya kumfasiri Homer katika mihadhara iliyochapishwa 1861, alitaka mfasiri ashike mambo manne: wepesi wa mwendo, uwazi wa lugha, uwazi wa fikra, na utukufu. Hadi leo sijaona mtu aliyeikosoa orodha hiyo akaishinda. Wepesi hauonekani kwa macho. Soma kwa sauti, chumbani peke yako au mbele ya mtu, kurasa mbili za mapigano. Sentensi ikikulazimisha urudi nyuma kutafuta nani amempiga nani, kuna kasoro, maana mshororo wa Kigiriki husonga mbele bila kugeuka. Una vipigo sita na silabi kati ya 12 na 17. Hauhesabu silabi kama utenzi wetu unavyohesabu mizani 8, bali hupima silabi ndefu na fupi. Na hauna vina.

Hilo la vina litawasumbua baadhi yetu, tuliofundishwa kwamba shairi bila vina ni maneno matupu. Alexander Pope, aliyetoa Iliad yake kati ya 1715 na 1720, alitia vina mwanzo hadi mwisho, mshororo kwa mshororo wa pili. Ni ushairi wa hali ya juu. Lakini kila baada ya mishororo miwili mlango unafungwa kwa kishindo, na mto wa Homer unakatwa kuwa madimbwi. Mwalimu Nyerere alipomfasiri Shakespeare katika miaka ya 1960 alikabiliwa na swali hilohilo, naye, pamoja na kwamba vina alivimudu vizuri, alimwacha Shakespeare bila vina pale alipokuwa hana vina. Nadhani uamuzi wake ulikuwa sahihi, na kwa Homer ni sahihi zaidi.

Kipimo cha tatu ndicho ninachokipenda. Tafuta kitabu cha nne cha Iliad, karibu na mwisho, kifo cha kijana Simoeisios. Hatutajiwi habari zake kabla, na hatutamwona tena. Mama yake alimzaa ukingoni mwa mto Simoeis, akiteremka mlima Ida na wazazi wake waliokuwa wamekwenda kuangalia kondoo. Ndipo akaitwa kwa jina la mto. Hakuwahi kuwalipa wazazi wake malezi waliyompa. Mkuki wa Ajax, shujaa wa Kigiriki, unampiga kifuani upande wa kulia, karibu na chuchu, na kutokea begani. Anaanguka, na hapo Homer anamwacha, anatuonyesha mti uliomea kwenye bonde lenye maji, shina laini, matawi kileleni tu, ambao fundi wa magari ya farasi ameukata kwa shoka la chuma linalong'aa ili apinde gurudumu. Mti umelala ukikauka kando ya mto.

Angalia mfasiri anafanya nini na fundi yule. Mfasiri mwenye haraka atampunguza mpaka abaki mti tu, kana kwamba tashbihi ni pambo la kueleza jinsi kijana alivyoanguka. Mfasiri mwenye machozi ya karibu atatia neno la huzuni ambalo Homer hakulitia. Aliye bora atamwacha fundi na kazi yake, atakuacha wewe uone kwamba kijana aliyezaliwa ukingoni mwa mto amefananishwa na mti unaokauka ukingoni mwa mto, wala hatakunong'oneza. Katika mishororo kama 15 tu umepewa uzazi, jina, malezi, mauti na ufundi wa seremala. Iliad ina mishororo zaidi ya 15,000, na vifo vingi vimefinyangwa kwa uangalifu wa namna hii. Tafsiri inayokufanya uruke majina ya wanaokufa imeshindwa kazi.

Utukufu, lile jambo la nne la Arnold, ndilo linaloharibiwa mara nyingi kwa kutafutwa. Nenda kitabu cha 24. Mzee Priam, mfalme wa Troy, anaingia usiku katika hema la Achilles, anayashika magoti yake na kuibusu mikono iliyowaua wanawe wengi. Anachokiomba ni maiti ya mwanawe Hector. Maneno ya Kigiriki hapo ni mepesi mno: mikono, kuua, wana, baba. Mfasiri anayeinua sauti mahali hapa, akaleta maneno ya kifahari yasiyotamkwa msibani, hajakaa na wafiwa. Mahali hapa neno la kawaida ndilo linalobeba.

Kuna pia suala la uaminifu, na hili linaihusu zaidi Odyssey. Katika kitabu cha 22, baada ya wachumba wa Penelope, mke wa Odysseus, kuuawa, wanawake 12 wa nyumba ile wananyongwa kwa kamba ya merikebu kwa sababu walilala na wachumba. Wanafananishwa na ndege walionaswa wavuni wakirudi kulala. Miguu yao inatapatapa kidogo, si kwa muda mrefu. Wanawake hao ni watumwa. Tafsiri nyingi za Kiingereza zimewaita watumishi, na baadhi ya zile maarufu za karne ya 20 zilitia kinywani mwa Telemachus, mwana wa Odysseus, matusi ya umalaya ambayo Kigiriki hakina. Emily Wilson, mwanamke wa kwanza kuchapisha Odyssey nzima kwa Kiingereza, mwaka 2017, alilisema jambo hili waziwazi na akawaita watumwa. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kuelezwa tofauti kati ya mtumishi anayeweza kukataa na mtumwa asiyeweza. Mfasiri akikuficha hilo, amekuamulia nani wa kuhurumiwa.

Mengine ni madogo. Hakikisha mishororo ina namba pembeni, la sivyo huwezi kulinganisha chochote. Majina yakiandikwa Achilles au Akhilleus, haidhuru. Dibaji nzuri ni neema, ila isome baadaye. Na usiilaumu tafsiri ya Iliad kwa kukosa farasi wa mbao: Homer mwenyewe hakumtia humo. Iliad inaishia na mazishi ya Hector.

Ninunue ipi basi? Ya nathari, kama ile Odyssey ya E. V. Rieu ya 1946 iliyofungua mfululizo wa Penguin Classics, inakupa hadithi na kukunyima mapigo. Robert Fagles, Iliad ya 1990 na Odyssey ya 1996, ana nguvu ya jukwaani. Lakini mishororo yake ni mingi kuliko ya Kigiriki, na mara kwa mara anatia chumvi mchuzi uliokwisha kolea. Robert Fitzgerald, Odyssey ya 1961, ana sikio zuri kuliko wote, naye hujichukulia uhuru mkubwa. Wilson ameifanya Odyssey yake ilingane na ya Kigiriki kwa idadi ya mishororo, na kwa kuwa mshororo wake ni wa silabi 10 tu, kuna vitu imebidi aviache. Tena amebadilisha lakabu kwa makusudi, alfajiri yake haiji mara mbili kwa vazi moja. Kwa kipimo changu cha marudio hilo ni hasara, na simfichii. Lakini kwa kasi na uwazi hana mpinzani, na Odyssey inayosomeka kwa sauti usiku mzima bila kuchosha ndiyo hiyo.

Kwa Iliad ningechagua Richmond Lattimore, 1951. Sentensi zake nyingine ni nzito, na kitabu cha kwanza kitakutaka subira. Anafuata mshororo kwa mshororo, orodha ya Agamemnon na ya Odysseus kwake zinafanana inavyopasa, na fundi wa gurudumu yuko mahali pake. Wafasiri wa zamani, Chapman, Pope na Butler, wanapatikana kwenye intaneti bila malipo. Waweke akiba kwa baadaye. Anza na Lattimore, kitabu cha tisa, na usome kwa sauti.