Pumzi Siyo Bili Nzima: Kwa Nini Tunaacha Kutembea na Kuanza Kukimbia

Fanya jaribio hili ukipata nafasi. Tafuta sehemu iliyonyooka na salama, mfano njia ya pembeni ya barabara kuu ya Kilwa–Lindi inapopita Kiranjeranje. Pima mita 100, kisha tembea. Anza polepole, ongeza mwendo kidogo kidogo, ila usikimbie mpaka mwili wenyewe ukulazimishe. Kwa watu wazima wengi mwendo unaowashinda ni kama mita 2 kwa sekunde, yaani hizo mita 100 kwa sekunde 50. Ukifika hapo kutembea kunakuwa kero, na bila kuamrishwa na mtu unakuta umeshaingia kwenye mchakamchaka.

Kwa nini hapo na si kwingine? Jibu linalorudiwa sana kwenye video na makala za sayansi ni fupi: mwili unabana matumizi ya nguvu. Leo nataka tulipime jibu hilo. Lina ukweli ndani yake, lakini limebebeshwa kazi kubwa kuliko uwezo wake, na wapo watu hapa kwetu ambao kosa hilo linawahusu moja kwa moja.

Tuanze na uzuri wake. Ukimvalisha mtu kifaa cha kupima hewa anayovuta, utaona kwamba kwenye mwendo wa polepole kutembea kunakula oksijeni kidogo kuliko kukimbia. Ukiongeza kasi, gharama ya kutembea inapanda haraka sana, mpaka inafika kasi ambayo kukimbia ndiyo nafuu. Mwaka 1981 Donald Hoyt na Richard Taylor walipima farasi wadogo wakakuta kila aina ya mwendo ina kasi yake ya gharama ndogo, na farasi wakiachwa wenyewe wanapenda kukaa humo. Picha ikavutia: mnyama ni mhasibu, na hesabu zake ziko sawa.

Sasa shida. Mwaka 1993 Alan Hreljac alipima watu kwenye mashine ya kukimbilia, akakuta wanaanza kukimbia kabla ya kufika kasi ambayo kukimbia kunakuwa nafuu. Soma tena hapo. Kwa kipande fulani cha kasi, watu wanaacha mwendo wa bei rahisi na kuchukua wa bei ghali. Kama kazi ya mwili ni kubana oksijeni tu, huo ni uamuzi wa ajabu.

Hreljac aliendelea kutafuta, na kidole chake kikaelekea kwenye misuli ya mbele ya muundi, ile inayoinua unyayo usikwaruze chini. We tembea haraka sana kwa dakika chache, utaisikia inawaka moto. Ukianza kukimbia, inapata nafuu. Na hata Taylor yuleyule wa farasi alirudi kuirekebisha picha yake. Mwaka 1991, yeye na Claire Farley walionyesha kwamba farasi wanaanza kupiga mbio nguvu zinazoigonga miguu yao zinapofika kiwango fulani, tena mapema kuliko oksijeni inavyoshauri. Walipobebeshwa uzito wa ziada, walibadili mwendo kwenye kasi ndogo zaidi. Kumbuka huo uzito, tutaurudia.

Kuna jibu la pili, la fizikia. Unapotembea, mguu uliokanyaga chini umenyooka na nyonga inapita juu yake kwa kuchora upinde, kama pembea iliyogeuzwa juu chini. Kinachokushikilia kwenye huo upinde ni mvutano wa dunia. Ukienda kasi mno, mvutano hautoshi. Ni kama ukiwa kwenye bodaboda na dereva akapita tuta bila kupunguza mwendo: makalio yanaachana na siti. Wataalamu wanatumia namba ya Froude: chukua kasi, zidisha kwa yenyewe, kisha gawa kwa zao la mvutano na urefu wa mguu. Namba ikifika 1, unyayo hauwezi kubaki chini kwa mwendo huo. Binadamu wengi wanabadili ikiwa karibu 0.5. Mwaka 1997 Rodger Kram na wenzake waliwaning'iniza watu kwa mikanda kuiga mvutano mdogo. Watu wakaanza kukimbia kwenye kasi ndogo zaidi, huku namba ikibaki karibu na ileile 0.5.

Uzuri wa jibu hili ni kwamba linaeleza kitu unachokiona kila siku. Mtu mzima mwenye mguu wa mita 0.9 anafika 0.5 kwenye kilomita 7.6 kwa saa. Mtoto mwenye mguu wa mita 0.5 anafika hapo kwenye kilomita 5.6 tu. Baba akienda kilomita 6 kwa saa, yeye anatembea na mwanawe anakimbia. Mtoto hachezi njiani. Fizikia yake ni tofauti.

Lakini na hili lina pengo. Kama ukuta uko kwenye 1, kwa nini tunageuka nusu ya njia? Na wapo wanaoupita huo ukuta kwa ufundi. Samuel Gathimba wa Kenya, aliyepata shaba ya kutembea kilomita 20 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2018, anashindana kwenye mchezo ambao walio juu wanamaliza chini ya dakika 80. Hiyo ni zaidi ya mita 4 kwa sekunde, kwa kuzungusha nyonga ili upinde upungue. Kwa hiyo fizikia inachora mpaka, ila kengele inayokwambia "badili sasa" inapigwa na misuli na mifupa.

Hapo ndipo ninapofika kwenye utafiti maarufu zaidi wa mwendo uliowahi kufanyika kwa watu wa ukanda wetu. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy, pamoja na Taylor na wenzao, walichapisha kwenye jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu wa Kenya waliozoea kubeba mizigo. Walibeba hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kuongeza matumizi ya oksijeni. Kipimo ni kizuri, na sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni na namna kinavyosimuliwa: wanawake wa Kiafrika wanabeba bure.

Piga hesabu mwenyewe. Mama wa kilo 60, asilimia 20 yake ni kilo 12. Ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20, bado hujapima ndoo yenyewe. Ili ndoo hiyo iwe "bure", mama anatakiwa awe na zaidi ya kilo 100! Juu ya hapo, mwaka 2010 Ray Lloyd na wenzake waliwapima wanawake wa Kixhosa wa Afrika Kusini na hawakuiona hiyo nafuu kama kanuni ya wote.

Ila hoja kubwa zaidi ni ile tuliyoikuta kwa Hreljac. Kama mtu asiye na mzigo wowote anakubali kulipa oksijeni zaidi ili kuponya muundi wake, basi oksijeni siyo bili nzima. Shingo, magoti na viuno vina bili zao, na mashine ya kupima pumzi haizisomi. Farasi mwenye mzigo alibadili mwendo mapema ili kujipunguzia mapigo. Dada mwenye ngata na ndoo kichwani hana mlango huo, maana akikimbia maji yanamwagika. Neno "bure" likishazoeleka, nani ataharakisha kusogeza bomba?

Kwa hiyo wewe mwanafunzi unayetafuta mada ya utafiti, mashine za kukimbilia zimeshapimiwa vya kutosha. Njia ya mchanga, mtoto wa darasa la kwanza anayemfuata mkubwa wake, na ndoo iliyojaa havijapata nafasi ya kutosha. Saa ya simu, futi na mizani vinatosha kuanzia. Ukishapima, muulize na mama mwenyewe ni wapi panapouma, halafu liandike jibu lake kwenye jedwali lilelile la vipimo.