Mlaji Asiyekula: Uhakiki wa Istilahi za Kuunganisha Programu ya Kupeleka Ujumbe na Hifadhidata

Makala haya yanakusudia kuchunguza istilahi tatu zinazomkabili mfasiri yeyote anayejaribu kueleza kwa Kiswahili jinsi programu ya kupeleka ujumbe inavyounganishwa na hifadhidata kwa lugha ya SQL. Huenda msomaji wa jarida la lugha akauliza jambo hili linatuhusu nini. Jawabu letu ni kwamba kuunda istilahi ni kazi yetu, na istilahi mbovu haiishii katika kamusi. Hufika hadi kazini, ikamfanya mtu atende kosa ambalo lugha yenyewe imemfundisha.

Yafaa kwanza tuieleze kazi inayohusika. Apache Camel, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2007, ni programu inayochukua ujumbe mahali fulani, ikaupitisha katika njia iliyoelezwa na mtungaji wa programu, kisha ikaufikisha mahali pengine. Misingi yake imetokana na kitabu cha Gregor Hohpe na Bobby Woolf cha mwaka 2003, kilichokusanya ruwaza 65 za kuunganisha mifumo kwa ujumbe. MyBatis ni chombo kingine. Kilianzishwa na Clinton Begin kwa jina la iBATIS, kikachukua jina lake la sasa mwaka 2010. Kazi yake ni kuipa kila amri ya SQL jina, na aghalabu amri hizo huwekwa katika faili zilizo mbali na programu yenyewe. Camel nayo huiita amri kwa jina hilo, ama ili ichukue data ama ili iiweke.

Istilahi ya kwanza ni ile inayotajwa katika jina la hifadhidata yenyewe. Neno la Kiingereza "relation" humjia mfasiri upesi kwa sura ya "uhusiano", naye akaandika "hifadhidata ya uhusiano". Mwanafunzi asikiapo hivyo huelewa kwamba jambo kuu ni uhusiano baina ya jedwali moja na jingine. Sivyo. E. F. Codd, mtafiti wa kampuni ya IBM, katika makala yake ya mwaka 1970, alilitumia neno hilo kwa maana ya kihisabati, yaani seti ya mafungu ya thamani, kila thamani ikitoka katika seti yake maalumu. Kwa hiyo "uhusiano" wa Codd ni kile kinachokaribiana na jedwali moja, wala si kamba inayofunga majedwali mawili. SQL yenyewe husema "jedwali", na majedwali yake huruhusu safumlalo zinazofanana, jambo ambalo seti haikubali. Twaona basi kwamba "hifadhidata ya majedwali" lingekuwa jina la kweli zaidi kwa matumizi ya kila siku, na "uhusiano" ubaki katika somo la nadharia, penye nafasi ya kuufasili.

Istilahi ya pili ni "mapping", ambayo wengi wangeiita "uchoraji ramani". Ramani katika Kiswahili ni picha ya nchi au ya jengo. Huonyesha kitu kizima kwa udogo. MyBatis haifanyi hivyo. Haichori hifadhidata nzima, wala haimtungii mtu amri za SQL kama zifanyavyo zana nyingine. Mtungaji huziandika kwa mkono wake. Inachofanya ni kuoanisha: jina na amri, safuwima ya jedwali na sifa ya kitu katika programu. Kitenzi "oanisha" tunacho tayari, na kinabeba wazo la viwili vinavyokubaliana bila kimoja kumezwa na kingine. Tunapendekeza "uoanishaji wa SQL".

Istilahi ya tatu ndiyo yenye hatari kubwa. Camel huita sehemu inayoingiza ujumbe katika njia "consumer", na ile inayoutoa nje ya njia "producer". Katika Kiswahili cha uchumi maneno haya ni "mlaji" na "mzalishaji". Sasa, alaye chakula hukimaliza. Ujumbe ukitoka katika foleni, mfano huo wafaa, kwa kuwa ujumbe uliokwisha kupokelewa huondolewa humo. Lakini "mlaji" wa MyBatis hufanya kazi ya kuuliza hifadhidata kila baada ya muda uliopangwa, na kila safumlalo inayopatikana huwa ujumbe mmoja. Kusoma safumlalo hakuifuti. Tuseme ofisi ya chuo imeamuru stakabadhi ipelekwe kwa kila malipo mapya ya karo yaliyomo jedwalini. Asipoandika mtungaji amri ya pili, ambayo Camel huitekeleza baada ya kila safumlalo kushughulikiwa ili iwekewe alama kuwa imekwisha, safumlalo zile zile zitachukuliwa tena katika duru inayofuata, na mwanafunzi aliyelipa mara moja atapata stakabadhi baada ya stakabadhi. Mtungaji aliyefundishwa kwamba mlaji hula hana sababu ya kuitafuta amri hiyo ya pili. Jina limempa ahadi ambayo chombo hakikuitoa.

"Mzalishaji" naye hana nafuu, maana hazalishi chochote. Hupeleka tu kile alichokabidhiwa. Hapa Kiswahili kina hazina yake. Tofauti ya "leta" na "peleka" hutegemea mahali aliposimama msemaji. Tukiifanya njia ya ujumbe kuwa ndipo tuliposimama, basi anayeingiza ujumbe ni "mletaji" na anayeutoa ni "mpelekaji". Tena kuleta habari hakuimalizi kule ilikotoka. Kila msemaji wa Kiswahili analijua hilo bila kufundishwa.

Wako watakaopinga, wakisema kwamba mwanafunzi atasoma vitabu vya Kiingereza, hivyo afadhali istilahi ifuate neno la asili hatua kwa hatua. Hoja hii ina uzito kuhusu majina ya programu na maneno ya amri za SQL, ambayo hayafai kuguswa. Lakini istilahi ya kueleza dhana haina budi kupimwa kwa swali moja: je, anayeifuata kwa maana yake ya kawaida atafikia tendo sahihi? "Mlaji" anashindwa katika mtihani huo, na "uhusiano" anayumba. Kwa hiyo kamati ya istilahi inapoletewa orodha ya maneno ya aina hii, haitoshi mwanaisimu kuulizwa kama neno limeundwa vizuri. Sharti aketi pamoja na mtungaji wa programu, amwombe amwonyeshe neno hilo likifanya kazi, ndipo apige kura.