Kompresere na silabi ya mwisho: namna emisiyo za kilimo zinavyosikika kwetu

Kwenye ukurasa huu tumekwisha kujadili sana yaliyomo katika emisiyo za kilimo: nani anaalikwa, lugha gani inatumika, saa gani inafaa kwa mtu anayerudi shamba. Leo nataka kuhakiki kitu ambacho hatukigusi, nacho ni sauti yenyewe. Nimesikiliza msimu huu wa kupanda, Kasongo mjini na kwenye njia ya kwenda Kabambare, kwa redio ndogo za pile na kwa karte za telefone ambazo vijana wanajazia watu sokoni. Neno langu nalisema mapema, ili mwenye mega kidogo asome na kwenda zake: maneno ni mazuri, wanaosema wanajua kazi, lakini sauti inabomoa nusu ya kazi yao. Na mara nyingi kinachobomoa ni kompresere, ambayo watu wanaitia kila mahali kama chumvi kwenye sombe.

Kompresere ni nini? Fikiri mtu ameketi na mkono wake kwenye kifungo cha volume. Sauti ikipanda kupita alama fulani, anaishusha. Ikirudi chini ya alama, anaachilia. Basi, ni hiyo tu. Ile alama tuiite kizingiti. Kiasi anachoshusha ndio uwiano: uwiano wa 4 kwa 1 maana yake sauti ikipita kizingiti kwa desibeli 4, inatoka imepita kwa desibeli 1 tu. Kisha kuna kasi ya mkono wake kushika, ambayo mafundi wanaita ataki, na kasi ya kuachilia. Zote mbili zinahesabiwa kwa milisekunde. Mwishoni, kwa kuwa vilele vimepunguzwa, fundi anapandisha sauti nzima ili ijaze nafasi iliyopatikana.

Hiyo hatua ya mwisho ndiyo inayotuua. Kompresere haijui lipi ni neno na ipi ni kelele. Ukipandisha yote, unapandisha na jenereta.

Tufanye hesabu, maana sisi watu wa agronomia bila hesabu hatuamini. Mtangazaji anasema, sauti yake inafika desibeli -10 kwenye mita ya mashine. Jenereta nje ya dirisha inasikika kwa -45. Kati yao kuna desibeli 35, nafasi nzuri, jenereta haisumbui mtu. Sasa fundi anaweka kizingiti kwa -30 na uwiano wa 6 kwa 1. Sauti imepita kizingiti kwa 20, inabaki 3.3, yaani inatoka kwa -26.7. Anapandisha yote kwa 16.7 ili sauti irudi -10. Jenereta, ambayo haikufika hata kizingitini, nayo inapanda kwa 16.7 kila mtangazaji anaponyamaza. Inafika -28.3. Ile nafasi ya 35 imekuwa 18 na kidogo. Ndiyo maana unasikia kwenye emisiyo zetu, kila mtu akivuta pumzi, mngurumo unaruka juu, vuuu, kisha unarudi nyuma mtu akianza kusema. Wasikilizaji wanafikiri ni antena. Hapana, ni kifungo.

Weka sasa kizingiti kwa -16 na uwiano wa 3 kwa 1. Sauti imepita kwa 6, inabaki 2, inatoka kwa -14. Unapandisha 4 tu. Jenereta inakuwa -41, nafasi inabaki 31. Mtangazaji ni yuleyule na jenereta ni ileile.

Mtu atasema: mngurumo kidogo si kitu, watu wetu wamezoea. Sikubali, na sababu yangu iko ndani ya Kiswahili chenyewe. Kwetu mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi ya mwisho inashuka, wengine wanaimeza kabisa. Chukua *tatu* na *tano*. Mwanzo ni uleule, *ta*, tena ndio wenye nguvu. Tofauti yote iko kwenye *-tu* na *-no*, yaani kwenye sehemu dhaifu. Kompresere yenye kasi ndogo ya kuachilia inashika ile *ta*, inashusha mkono, na mkono bado uko chini wakati *-tu* inapita. Silabi ambayo haikufikia kizingiti nayo imeshushwa. Halafu neno likiisha, jenereta inapanda na kufunika mkia wake. Mama amesimama karibu na mashine ya kukoboa mpunga, redio iko mkononi: amesikia vifuniko vitatu vya dawa kwa pompa moja ya mgongoni, au vifuniko vitano? Mbegu tatu kwa shimo au tano? Kwa mihogo, ile mita moja kwa mita moja, hakuna shida, watu wanaijua toka zamani. Lakini dawa hapana mchezo.

Kuna na mambo ya *mchome* na *msichome*. Nilisikia mgeni mmoja akieleza juu ya mabaki ya mavuno, mtangazaji akacheka kwa nguvu karibu kabisa na mikro, na mgeni akaendelea papo hapo. Kicheko kilivuta kompresere chini, nayo ilikaa chini muda mrefu kwa kuwa kasi ya kuachilia ilikuwa ndogo kupita kiasi. Maneno mawili ya kwanza ya mgeni yalipita kama mtu anayesema ndani ya mto wa kulalia. Aliyekuwa na shamba la kuchoma siku hiyo, sijui alielewa nini.

Tena muziki! Emisiyo nyingi zinaweka wimbo chini ya maneno tangu mwanzo mpaka mwisho. Maneno na wimbo vinapita pamoja katika kompresere moja. Kila besi ikipiga, mkono unashuka, na neno linashuka pamoja nayo. Sauti inapumua kama mgonjwa wa pumu. Kama paka lazima wimbo uwepo, basi kompresere iwe kwenye njia ya mikro peke yake, na wimbo upite pembeni, chini sana, kisha uzimwe kabla ya tarakimu ya kwanza kusemwa.

Jambo linaloniumiza zaidi ni viti. Sikiliza vizuri emisiyo yoyote yenye mtangazaji, agronomu na mama mkulima kutoka kijijini. Mtangazaji ana mikro kwenye sentimeta 15, agronomu naye amevuta kiti, mama ameketi pembeni kwa heshima, labda sentimeta 60. Mahali palipo wazi, kila mara umbali ukizidi mara mbili, sauti inapungua desibeli 6. Kutoka 15 kwenda 30, sita. Kutoka 30 kwenda 60, sita nyingine. Mama amepoteza 12 kabla hajafungua kinywa, na yeye ndiye pekee aliyepanda mpunga huo kwa mikono yake. Fundi anaona mita ya mama iko chini, anakaza kompresere ili wote wawe sawa. Kweli wanakuwa sawa kwa mita. Kwa masikio, mtangazaji yuko hapa, na mama yuko ndani ya pipa, maana pamoja na sauti yake zimepandishwa kuta za studio, jenereta, na kuku wa jirani. Kile ambacho kiti kingefanya bure, kompresere inakifanya vibaya.

Si haki kusema mafundi hawajui kitu. Nimezungumza na mmoja, mtu wa kazi, amejifunza peke yake kwa ordinatere ya zamani. Yeye ananiambia: "Ndugu, wewe unasikiliza na ekutere kitandani. Watu wangu wanasikiliza sokoni, kwenye pikipiki, karibu na mulini. Nikiacha sauti ipande na kushuka, wanapoteza yote." Ana haki, na nusu ya kweli iko kwake. Redio inahitaji kompresere kuliko kazi nyingine yoyote ya sauti. Tena kuna sababu ya mtambo wenyewe: kwenye FM, sauti kubwa inasogeza mawimbi mbali zaidi na kituo chake, na mpaka wa kawaida ni kilohezi 75 kila upande. Ukipita hapo, sauti inachafuka na unaweza kumwagikia jirani kwenye masafa yake. Kwa hiyo redio kubwa za dunia zilitengenezewa mashine maalum mapema. Optimod ya Robert Orban, iliyotoka 1975, inalinda sauti kabla ya kufika kwenye mtambo. Hiyo si anasa.

Shida ni pale ulinzi unapogeuka mashindano. Hata Ulaya na Marekani waliugua ugonjwa huu. Kila studio ilitaka wimbo wake usikike mkubwa kuliko wa mwenzake, wakakaza mpaka hakuna tena kubwa wala ndogo. Albamu ya Metallica ya 2008, *Death Magnetic*, ililalamikiwa na mashabiki wake wenyewe kwa sababu hiyo. Mwaka 2010 umoja wa watangazaji wa Ulaya ulitoa kanuni inayoitwa R128, inayopima ukubwa jinsi sikio linavyousikia, si vilele tu. Kwetu bado tuko kwenye mashindano. Tangazo la vifaa vya ujenzi linapiga kelele, kisha maneno ya mbegu yanakuja kama siri.

Kwa upande wa muziki sitaki kuwa mkali kupita kiasi. Sauti iliyokazwa mpaka kuungua inaweza kuwa uzuri. Konono Nº1 wa Kinshasa, kundi la mzee Mingiedi Mawangu, walitoboa mpaka ng'ambo kwa likembe zilizopitishwa katika vipaza sauti vya kujitengenezea, zinakwaruza na kunguruma, na ukitoa ule mkwaruzo umetoa wimbo. Huko mkwaruzo ni chaguo la wapigaji. Lakini kaswida zetu za Kasongo, zile zinazozunguka kwa karte za telefone, hazikuchagua. Dufu ina kofi la kwanza, pa!, kisha mlio wa ngozi unaofuata. Ukiweka ataki ya milisekunde 1, kompresere inashika kofi lenyewe, unabaki na mlio bila mkono wa mtu. Weka 20 mpaka 30, kofi linapita zima ndipo mkono unashuka. Nimesikia rekodi mbili za kikundi kimoja, studio mbili tofauti. Katika ya kwanza ngoma inatembea. Katika ya pili ngoma ni kama mtu anapiga godoro.

Sasa, kwa aliye na studio ndogo, au anayerekodi kwa telefone kisha kusafisha kwa ordinatere. Audacity ni ya bure, na toka toleo la 3.6 la mwaka 2024 unaweza kusikiliza kompresere yake huku rekodi inacheza, unageuza kifungo na kusikia palepale. Anza nje ya mashine: jenereta nyuma ya ukuta, mgongo wa mikro uelekee kwenye kelele, kila mtu umbali wa shubiri moja, mama mkulima apewe kiti cha kwanza. Rekodi vilele vifike kati ya -12 na -6. Kata mngurumo wa chini ya hezi 80, hakuna neno la mtu linaloishi huko. Halafu uwiano wa 3, ataki ya 10, kuachilia kati ya 100 na 200, na ushushe kizingiti polepole mpaka uone mita inapungua desibeli 3 mpaka 6 kwenye maneno yenye nguvu, na inarudi sifuri kati ya sentensi. Ikiwa hairudi sifuri, umeshusha mno. Mwisho kabisa weka limita kwa -1, ikae pale kama mlinzi, asiye na kazi siku nyingi.

Kisha jaribio ambalo wengi wanaliruka: zima kompresere na uiwashe, lakini kwanza sawazisha ukubwa wa pande zote mbili. Sikio linapenda kilicho kikubwa, siku zote, hata kikiwa kibaya. Bila kusawazisha utasema kompresere imetengeneza, kumbe imepaza tu.

Yule fundi nilimwomba afanye hivyo kwa dakika moja ya emisiyo ya mpunga, tukatia toleo zote mbili kwenye redio moja ya pile, tukaiweka mezani karibu na mulini mashine ikizunguka. Tulimwita kijana anayepima mchele, hakujua lipi ni lipi. Kwenye toleo lililokazwa alisema lina nguvu, lakini tarakimu ya dawa aliomba tuirudie. Kwenye toleo la pili alisema halina nguvu, na tarakimu aliitaja. Fundi alikuna kichwa, akaniambia kwa matangazo ya biashara ataacha kama yalivyo, wenye kulipa wanataka nguvu. Kwa kilimo atalegeza. Tumekubaliana mpaka mavuno.