Fasili ya Radiani: Tarakimu au Maana?

Kufasili radiani kuwa “pembe ya nyuzi 57.3” ni kutoa tarakimu badala ya maana. Nyuzi 360 za duara ni mapatano ya watu wa kale. Radiani yatokana na duara lenyewe, yaani pembe ya kitovuni inayokabili tao lenye urefu sawa na nusukipenyo. Mathalan, atokaye Maseno akaifuata Ikweta kwa takriban kilomita 6,378, ambazo ndizo nusukipenyo cha dunia, ameizunguka kwa radiani moja, pasipo kuhesabu uzi hata mmoja. Istilahi yenyewe, aliyoitumia James Thomson katika mtihani huko Belfast mwaka 1873, na tuikope. Fasili yake, hata hivyo, hapana budi tuijenge kwa “tao” na “nusukipenyo”; la sivyo, mwanafunzi atakariri asichokielewa.